Mpapindi ni wetu, tuchangieni kitalu

Assalamu alaykum jamani, nyie mlioko Pemba na nyie mliotawanyika Unguja, Dar, Mombasa mpaka Maskat. Sisi wazazi na walimu wa skuli moja jirani na msitu wa Ngezi tunaomba mchango, na safari hii si wa madawati, ni wa mti.

Mpapindi mnaujua, ule unaofanana na mpopoo, shina lina pete pete na matunda yake mekundu. Porini unaota Pemba tu, dunia nzima hakuna kwengine! Wazee wetu wanaujua toka enzi, ila kwenye vitabu vya sayansi umeingia 1962, alipouandika rasmi Harold Moore wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Na kuuandika mti kazi kweli, maana lazima yakaushwe majani, maua na matunda yawekwe, halafu yalinganishwe na ya jamaa zake mmoja mmoja mpaka ithibitike huu ni aina ya peke yake, na jamaa zenyewe wengi wako Madagaska na wengine Komoro, ndo maana wataalamu wanaufuatilia sana huu wa kwetu. 1995 wakauhamishia kwenye kundi la Dypsis, 2022 wakaurudisha Chrysalidocarpus alikouweka Moore, lakini jina lake la pili la kisayansi, pembanus, bado limebeba kisiwa chetu.

Sasa watu wa bustani huko nje wanaupanda majumbani kwao, na sisi wenyewe hapa hatuna hata kitalu. Inauma. Misitu ya Pemba sehemu kubwa ilishaondoka kwa mikarafuu na mashamba, Ngezi ni katika vipande vilivyosalia, na mti ukiwa na sehemu chache hivyo moto mmoja tu au ukataji unatosha kuumaliza.

Tunataka watoto waoteshe miche wenyewe, ipandwe skuli, misikitini na majumbani, mbegu tutachukua kwa kibali cha watu wa misitu. Tunahitaji tangi la lita 1000, neti ya kivuli, viriba, mpira wa maji na posho kidogo ya mtu wa kumwagilia likizo. Jumla shilingi milioni moja na laki nane. Mwenye elfu mbili alete, mwenye samadi alete, hakuna kidogo hapa.

Namba ya mweka hazina ipo kwenye grupu la wazazi, majina na risiti tutaweka kila Ijumaa. Na mwenye pikapu ya kubeba tangi kutoka Konde tafadhali atwambie mapema.