Tuzo za wapenda nyota Kigoma zitazame daftari kabla ya darubini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu siku ya maonesho na tuzo ambayo chama cha wapenda nyota cha hapa mjini Kigoma huiandaa kila mwaka. Mwaka huu nilihudhuria tangu asubuhi hadi mgeni rasmi alipoondoka, na kabla sijalalamika ni haki nikiri kwamba kuwakusanya wanafunzi, wazazi na wavuvi chini ya turubai moja ili wazungumzie anga si kazi ndogo, hasa kwa chama ambacho wanachama wake hujitolea na kuchangishana hata nauli. Nina neno moja tu, nalo ni namna washindi walivyopatikana.

Tuzo ya kwanza ilikwenda kwa kikundi kilicholeta darubini kubwa ya kununua, yenye miguu mitatu inayong'aa, pamoja na bango la rangi lililochapishwa dukani. Kwa kuwa maonesho yalikuwa ya mchana, na jua halitazamwi kwa darubini isiyo na kichujio maalumu isipokuwa na mtu aliyechoka na macho yake, darubini ile ilielekezwa ziwani, na watu wakapanga foleni ndefu kutazama milima ya Kongo. Nami nilipanga foleni, na milima niliiona vizuri. Hata hivyo hakuna aliyewauliza washindi wamewahi kuona nini angani kwa chombo kile, usiku gani, na wameandika wapi.

Meza ya mwisho kabisa, jirani na jiko la mama lishe, alisimama binti wa kidato cha pili akiwa na ufito wa mita moja, timazi aliyoitengeneza kwa uzi na jiwe, na daftari la mistari ambalo jalada lake lilikuwa limekwisha kuchakaa. Alipewa cheti cha ushiriki, kama tulivyopewa sote tuliofika.

Nililisoma daftari lile karibu saa nzima. Kwa mwaka mzima binti huyo alikuwa akiusimamisha ufito wake uani, akiunyoosha kwa timazi, na kupima kivuli chake kila baada ya dakika chache wakati wa adhuhuri, mpaka apate kilipokuwa kifupi kuliko vyote siku hiyo. Mwezi wa Juni, jua likiwa limeelemea kaskazini kabisa, kivuli kifupi cha siku kilielekea kusini na kufika sentimita 54. Mwezi wa Desemba kiligeuka, kikaelekea kaskazini, na hakikuzidi sentimita 33. Kati ya hapo, karibu na tarehe 8 Machi na tena karibu na tarehe 5 Oktoba, aliandika neno moja tu, «hakuna», kwa sababu jua lilipita utosini na ufito haukuwa na kivuli cha kupimwa.

Alichokifanya baadaye ndicho kilichonifanya niandike barua hii. Alichora pembetatu mbili, ya Juni na ya Desemba, akazipima kwa kipimapembe na kupata kwamba mwezi wa Juni jua lilikuwa nyuzi 28 kutoka utosini, na mwezi wa Desemba nyuzi 18. Kwa kuwa jua huelemea kaskazini na kusini mwa Ikweta kwa kiasi kilekile, akatoa, akapata 10, akagawa kwa mbili, akapata 5, kisha akaandika chini yake kwamba nyumba yao iko nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Ramani inauweka mji wa Kigoma karibu nyuzi 4.9 kusini. Nilifundisha fizikia kwa miaka mingi, na sikumbuki kama niliwahi kumwonyesha mwanafunzi kwamba mahali alipo duniani angeweza kupajua kwa ufito na rula. Eratosthenes, mtaalamu wa kale wa Alexandria, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alitumia kivuli cha namna hiyohiyo kukadiria mzunguko wa Dunia.

Nimezungumza na mmoja wa waandaaji, naye akanijibu kwa upole kwamba majaji hawana njia ya kuthibitisha daftari, kwani mtoto yeyote anaweza kukaa usiku mmoja akajaza tarakimu za mwaka mzima, ilhali darubini ni kitu kinachoshikika. Hoja hiyo ina uzito, na kwa kazi nyingine za maonesho ningeikubali. Kwa kazi za angani siikubali, kwa sababu anga lina kumbukumbu zake, na mdanganyifu hukamatwa mapema. Mtu anayebuni vipimo vya kivuli ataandika kwamba kivuli kifupi kilionekana saa sita kamili, kwa kuwa ndivyo sote tunavyodhani. Kigoma haiko hivyo. Saa zetu zinafuata mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na sisi tuko karibu nyuzi 29.6, kwa hiyo jua hutufikia juu kabisa likiwa limechelewa kwa wastani wa saa moja. Tena halichelewi kwa kiasi kilekile mwaka mzima, kwa kuwa njia ya Dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama. Mwanzoni mwa Novemba adhuhuri ya kweli hapa kwetu huangukia kama saa sita na dakika 45, na katikati ya Februari huangukia kama saa saba na dakika 16. Daftari la binti yule lilikuwa na mwachano huo, ingawa yeye mwenyewe hakuijua sababu yake na alikuwa ameandika pembeni: «Saa ya baba inakosea?» Hakuna anayebuni swali kama hilo.

Halafu kuna kurasa za masika. Siku nyingi zina neno «mawingu» peke yake, na mwishoni mwa kiangazi, wakati wa kuchoma mashamba, zipo siku alizoandika «moshi, kivuli hafifu». Jaji mwenye uzoefu angeziheshimu kurasa hizo tupu kuliko zile zilizojaa.

Wanaodhani kwamba elimu ya nyota huanza na ukubwa wa kioo wakumbushwe habari ya Galileo. Darubini yake ya mwaka 1610 ilikuwa dhaifu kuliko nyingi zinazouzwa leo kama vifaa vya watoto. Tarehe 7 Januari aliona vijinyota vitatu kandokando ya sayari ya Mshtarii (Jupita), na lau angeishia hapo angekuwa ameona vijinyota vitatu, basi. Alirudi usiku uliofuata, na mwingine, akichora kila mara vilipokuwa, na tarehe 13 akakiona cha nne. Ni ile michoro iliyofuatana iliyomwonyesha kwamba vinaizunguka sayari ile. Huko Springfield, Vermont, nchini Marekani, wapenda nyota wamekuwa wakikusanyika tangu mwaka 1926 na kushindanisha darubini, lakini darubini zinazoshindanishwa ni zile ambazo wenyewe wamezitengeneza kwa mikono yao, wengine wakisugua kioo kwa miezi. Hata pale chombo kinapotuzwa, kinachotuzwa hasa ni saa za mtu.

Faida nyingine ya kutuza daftari ni kwamba mlango ungefunguka kwa watu ambao mwaka huu walikuja kutazama tu. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga hupanga maisha yao kwa mwezi, kwa maana taa zao hazina nguvu ya kuwavuta dagaa wakati wa mbalamwezi, na wengi wao watakueleza bila kalenda zimebaki siku ngapi kabla giza halijarudi. Wazee wa Ujiji wanaokwenda ufukweni kuutafuta mwezi mwandamo wanajua hasa jua huzama wapi kila msimu. Wapo pia wanaoukumbuka msemo kwamba kilimia, kile kikundi cha nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ningependa mno kuliona daftari la mtu aliyeupima msemo huo kutoka kilima cha Kigoma: kilimia hupotea kwetu jioni ya mwezi wa Mei, mvua zikiaga, na huonekana tena alfajiri ya Juni, mashariki, kiangazi kikiwa kimeshika. Kazi hiyo haihitaji lenzi hata moja.

Ombi langu kwa kamati ni kwamba tuzo ya kwanza ya mwakani itolewe kwa uangalizi ulioandikwa kwa muda usiopungua miezi sita, na darubini za kununua ziendelee kuletwa kwa ajili ya kuwafurahisha watu, pasipo kushindanishwa. Tangazo litolewe mapema, ikiwezekana kabla ya tarehe 5 Oktoba, ili atakayependa kuanza na ufito aanze siku ambayo hauna kivuli. Mimi ninayo darubini ya macho mawili, kuukuu lakini nzima, ambayo miezi minne ya Mshtarii huonekana kwayo ukiiegemeza vizuri kwenye mwembe. Niko tayari kuitoa iwe zawadi ya mshindi wa daftari, ingawa najua mke wangu atacheka akisikia kwamba baada ya maneno yote haya natoa chombo.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma