Barua ya wazi kwa waendesha baiskeli wanaotaka kufungua duka

Wanangu mnaoishi kwa mashindano ya baiskeli,

Mkiulizwa mtafanya nini miguu ikichoka, wengi mnajibu upesi: "Nitafungua duka la baiskeli." Nami nilijibu hivyohivyo, ndiyo maana naandika.

Miaka yote ya mashindano sikuwahi kuziba pancha yangu mwenyewe. Tairi likipasuka nainua mkono, gari la timu linafika, fundi anabadilisha gurudumu, ananisukuma, naondoka. Jioni baiskeli inaoshwa, asubuhi naikuta inang'aa. Nikadhani naijua baiskeli, kumbe najua kuiendesha tu.

Mmoja wa wateja wangu wa mwanzo alikuwa mama wa makamo aliyetaka baiskeli ya kwendea kazini. Nikamuuzia niipendayo mimi: usukani chini, siti nyembamba, tairi za milimita 23. Wiki mbili baadaye akairudisha akiikokota, mkono mmoja kiunoni. Hakufoka. Alisema tu, "Hukuniuliza naendea wapi." Nilimrudishia fedha zake zote.

Hata Eddy Merckx, bingwa wa Tour de France mara 5, alipoanzisha kiwanda chake mwaka 1980 alisaidiwa na Ugo De Rosa, fundi wa fremu wa Italia aliyekuwa amemtengenezea baiskeli. Sasa sisi tuliokuwa tukiwabebea mabingwa chupa za maji tuone haya kufundishwa?

Jina lenu litawaletea watu kwa miezi michache, wengi wakitaka picha na punguzo. (Picha wapeni.) Baiskeli mpya huuzwa kwa msimu; kwangu mimi, kodi ya pango imelipwa na karakana. Mnyororo, kwa mfano: pingili 24 za mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Zikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, mwambieni mteja aubadilishe kabla haujala meno ya gia, maana gia ni ghali zaidi. Atakayeambiwa hivyo mapema atarudi.

Basi mkiwa bado mna mkataba, nendeni kwa fundi wa timu jioni. Mwombeni rimu iliyopinda na spana ya spoku. Mtakaza upande huu, upande wa pili uharibike. Yangu ya kwanza niliiacha usiku wa manane, na bado ilikuwa inayumba.

Mzee wenu