Chopa ya kwenye gemu nayo ijue kwamba Mbeya ni juu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako tukufu. Najua ukurasa huu wa barua umezoea barabara mbovu, maji na mbolea ya ruzuku, ila leo naomba nipitishe la gemu na tafadhali usinicheke mpaka nimalize. Nina kibanda cha kompyuta hapa Kabwe, mchana napiga chapa, natoa kopi, najazia watu fomu za ajira, jioni mashine zikikaa bure vijana wanalipia kwa saa wanacheza. Ndo maisha.

Sasa kuna vijana watatu pale kwangu, wawili wanachuo na mmoja fundi simu wa Mwanjelwa, miezi kadhaa sasa wanatengeneza ramani ya Mbeya ya kuchezea gemu ya kushuti. Gemu yenyewe ni Arma 3, ya Wacheki wa Bohemia Interactive, ilitoka 2013, ya zamani kidogo ila wenye gemu wametoa zana bure za kuongezea ramani zako mwenyewe. Na milima hawajachora kwa kukisia, wamechukua vipimo vya urefu wa ardhi ambavyo chombo cha anga cha Marekani kilipima Februari 2000 na vipo mtandaoni bure, kwa hiyo Loleza imekaa palepale ilipo, ukisimama Sisimba unaiona imekuinamia kama kawaida yake. Mama mmoja alikuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa akachungulia skrini akauliza, "Hii si njia ya kwenda Chunya?" Vijana walifurahi siku nzima.

Ugomvi umeanza kwenye chopa. Mmoja anataka chopa irushwe kirahisi, mwingine anataka irushwe kama chopa ya kweli, wa tatu hana msimamo, anafuata mwenye bando siku hiyo. Wamenifanya mimi hakimu, na mimi nimeshaamua ila hawataki kusikia, ndo maana naandika huku labda wakiona kwenye gazeti wataheshimu.

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Chopa ya kirahisi ni ile unabonyeza inapanda, unaachia inatulia hewani kama taa ya barabarani. Haina upepo, haina uzito, hata ukibeba watu 8 au ukiwa mwenyewe ni ileile. Gemu ilikuja nayo hivyo. Alafu mwishoni mwa 2014 Wacheki wakaongeza mtindo wa pili wa kurusha, wenye fizikia nzito, waliokuwa wameshautumia kwenye gemu yao nyingine ya machopa matupu ya 2011. Lakini wakauacha ni hiari. Mwenye sava, yaani ile kompyuta inayowaunganisha wachezaji, anaweza kulazimisha wachezaji wote watumie mtindo mmoja, au akaachia kila mtu ajichagulie.

Hapo kwenye kujichagulia ndo mimi nasema hapana. Yaani fikiria kijana amekaa wiki tatu anajifunza kutua, kavunja machopa mia, sasa anaweza kushusha askari kwenye kiwanja kidogo katikati ya miti, alafu anga hilohilo kuna mwingine ameanza leo asubuhi na anatua kama kipepeo kwa sababu ameweka setingi ya kirahisi. Askari waliojipanga chini wanasubiri kubebwa watapanda ya nani? Ni kama wewe unapeleka viazi vyako sokoni kwa mizani na jirani yako anajaza lumbesa, mnunuzi hakuulizi umelima kwa shida gani, anabeba lumbesa anaondoka. Mwezi wa pili na wewe unaanza kujaza lumbesa. Ndo hivo mtindo mgumu unavyokufa kwenye sava nyingi, sio kwamba watu hawaupendi, ni kwamba aliyeupenda anaadhibiwa.

Kwa hiyo uamuzi wangu: mtindo mgumu, na uwe wa wote. Anayetaka rahisi akacheze ramani nyingine, zipo nyingi.

Sasa kwa nini ugumu, maana kijana anayepinga ananiambia mzee hii ni gemu watu wamekuja kupumzika. Sawa. Lakini kwenye gemu ya vita ya watu wengi rubani sio mpiganaji, rubani ni dereva. Amebeba watu wazima kabisa walioacha shughuli zao wakakaa nyuma kimya wakiangalia dirishani. Kama chopa inajiendesha yenyewe basi huyo dereva hana kazi, ni kondakta tu. Waliowahi kushuka Kitonga kwa basi wanajua ninachosema, pale abiria wote mnasikiliza injini, dereva akiingiza gia ndogo mapema mnashusha pumzi, akianza kukanyaga breki mfululizo mnaanza kuangaliana. Hamjui kuendesha basi lakini mnajua kwamba mkono wa mtu mmoja ndo umewabeba. Hiyo hofu tamu ndo nataka iwe nyuma ya ile chopa.

Na chopa ya kweli ina mambo. Lile pangaboi la juu likizunguka upande mmoja mwili wa chopa unataka kuzunguka upande wa pili, ndo maana kuna kale kapanga ka mkiani kanazuia. Ukiongeza nguvu kupanda pua inakimbia pembeni, inabidi miguu ifanye kazi kwenye pedali muda huohuo mkono wa kushoto unavuta na wa kulia unashika usukani, ukigusa kimoja viwili vingine vinaharibika. Alafu kuna kitu kimewaua sana vijana pale kibandani (kwenye skrini, Mhariri, usishtuke). Unashuka wima, haraka, huendi mbele, chopa inazama kwenye upepo iliousukuma yenyewe chini, na kadiri unavyoongeza nguvu ndo inazidi kuzama. Akili yote inakwambia vuta juu. Dawa ni kusukuma pua mbele utoke kwenye ule upepo mchafu. Yule anayependa kirahisi amekufa hivyo mara nne siku moja na kila mara analaumu mausi.

Lakini kubwa kuliko yote kwa ramani ya Mbeya ni hewa yenyewe. Jiji letu liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na ya Dar, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Hewa nyepesi maana yake panga halina kitu cha kushika, na injini nayo inapata hewa pungufu. Chopa inayobeba mzigo fulani pale Dar bila shida, huku inabidi upunguze watu au mafuta. Na kuna mtego mwingine, chopa ikiwa karibu na ardhi inapata msaada, upepo wake unabanwa chini kwa hiyo inaelea kirahisi, unaona mambo safi, unasogea mpaka ukingo wa mlima ardhi inakwisha chini yako na ule msaada unakwisha, unazama bondeni na watu wako. Kwa milima yetu hii hicho ni kitu cha kuweka kabla hata ya bunduki. Mkichora Loleza mkaweka hewa ya Dar mmechora picha ya Loleza tu.

Naomba niseme kidogo jambo langu mwenyewe. Mwaka fulani nilikuwa narudi na ndege kutoka Dar, asubuhi, tunakuja Songwe, huu uwanja ulioanza 2012 baada ya ule wa zamani wa katikati ya mji. Tukakuta ukungu. Wenyeji wanaujua ukungu wa huku, sio wa kutania. Rubani akazunguka, akashuka kidogo tukasikia matairi yanatoka, alafu injini zikanguruma tukapanda tena. Akazunguka tena. Mwisho akatangaza tunarudi Dar. Basi ndege nzima ikawaka, mzee mmoja wa nyuma akasema kwa sauti huyu rubani hajui kazi, dada mmoja alikuwa anawahi msiba analia. Mimi nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nimeshaanguka mara nyingi sana kwenye kompyuta kwa kulazimisha kutua sehemu nisiyoiona, nikajua yule bwana wa mbele amefanya jambo gumu kuliko kutua. Nikamwambia mama wa pembeni yangu, akaniangalia akaniuliza, "Kwani wewe ni rubani?" Nikasema hapana mama, nina kibanda cha kopi Kabwe. Hakunisemesha tena mpaka Dar.

Sasa ndege za jeti za kivita mimi sizitaki humo, na hapa nitamuudhi hata yule aliyekuwa upande wangu. Ramani kubwa iliyokuja na hiyo Arma 3, kisiwa cha Altis, ina ardhi kilomita za mraba 270, ni kubwa kwa mtu wa miguu. Lakini jeti inayokwenda kilomita 800 kwa saa inakata zaidi ya kilomita 13 kwa dakika, yaani kutoka Uyole mpaka uwanja wa Songwe ni dakika mbili na kidogo, hujageuza imeshatoka kwenye ramani. Na mtandao wetu unajulikana. Kama taarifa inachelewa sehemu ya tano ya sekunde, ambayo kwa sava za Ulaya sio ajabu, jeti hiyo inakuwa imeshasogea mita 44 kabla mwenzako hajaiona, unapiga hewa tu. Chopa ya kilomita 200 kwa saa inasogea mita 11, unaweza kuvumilia, askari anayetembea haifiki hata hatua moja. Kwa hiyo chopa na vindege vidogo vya panga vinatosha, jeti waachieni wenye magemu ya jeti.

Kuna hoja moja inaniumiza kichwa na sitaificha. Vijana wengi hawana joistiki, ule usukani wa mkononi wa kurushia, wala pedali, wana kibodi na mausi ya mtumba, na kibodi inajua kitu mbili tu, kubonyeza na kuachia, haijui kusukuma kidogo. Nimejaribu, inawezekana lakini ni mateso. Na War Thunder, gemu nyingine ya madege na vifaru vya vita, wao wametenga vyumba vitatu, cha rahisi, cha katikati na cha simulesheni ambako unakaa ndani ya chumba cha rubani huoni ndege yako kwa nje, na hicho cha mwisho ndo chenye watu wachache. Kijana anayepinga kila siku ananipigia hesabu hiyo. Mimi najibu kwamba kule kila mtu anaendesha chombo chake mwenyewe kwa hiyo lazima wote wateseke, huku kwetu kwenye watu 40 tunahitaji marubani watatu au wanne tu, waliobaki wanatembea na bunduki zao kama kawaida, ugumu hauwahusu zaidi ya kupanda na kushuka. Watatu hatukosi.

Na hao watatu wapewe leseni. Kuna vikundi vya Arma huko nje havimpi mtu chopa yenye watu mpaka afanye majaribio kwanza, apae, azunguke, atue kwenye alama, azimiwe injini angani ashushe kwa mzunguko wa panga peke yake. Tufanye hivyo hivyo. Mwanafunzi abebe magunia ya viazi kwanza, nimewaambia watengeneze magunia, ya kiasi halali.

Ombi langu la mwisho Mhariri ni kwa wasomaji wako. Vijana hawa wameona chopa kwa karibu mara chache sana, wakati wa kampeni, vumbi likawajaa machoni wakashangilia. Kama kuna msomaji aliyewahi kurusha au kutengeneza chopa, au mstaafu aliyekuwa anaongoza ndege ule uwanja wa zamani anayekumbuka upepo wa mchana unavyoshuka kutoka Loleza na unakuja kwa upande gani, apite Kabwe aulizie kibanda cha kopi. Jumamosi jioni ndo wanajaribu, umeme ukiwepo. Chai ipo na viazi vya kuchoma, na akimkuta kijana mmoja analaumu mausi asishangae.

Ni mimi msomaji wako,
Kabwe, Mbeya