Mshtarii ilifanya kazi kubwa kuliko ulinzi

Ndugu Mhariri,

Kila zinapoandikwa habari za sayari, Mshtarii husifiwa kuwa mlinzi wa Dunia, inayonasa vimondo kabla havijatufikia. Sifa hiyo ina utata, kwa kuwa mvutano uleule unaovitupa mbali baadhi ya vimondo huvielekeza vingine kwetu. Na hata ingekuwa kweli tupu, ingebaki kazi ndogo mbele ya ile iliyofanywa na sayari hiyo wakati Dunia haijakamilika.

Jua lilipozaliwa, takriban miaka bilioni 4.57 iliyopita, lilizungukwa na sahani pana ya gesi na vumbi. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani na Marekani walichapisha vipimo vya isotopi (aina za atomi za elementi moja zenye uzito tofauti) za metali za molibdeni na tangsteni katika vimondo vya chuma, vikionyesha kwamba vimondo hivyo ni vya koo mbili, wa ndani karibu na Jua na wa nje, zilizokaa bila kuchanganyika kwa zaidi ya miaka milioni moja ingawa zilikuwapo wakati mmoja. Maelezo yao ni kwamba kiini cha Mshtarii kilikwisha kufikia tungamo la mara 20 hivi ya lile la Dunia kabla ya miaka milioni moja kupita, kikaivuruga gesi iliyokizunguka, na changarawe zilizokuwa zikivutwa kuelekea Jua zikakwama nje ya njia yake. Sayari za ndani zikabaki kujijenga kwa mali iliyokuwa imeshaingia.

Wapo wanaopinga, wakisema kwamba pete za gesi na vumbi zingeweza kuweka mpaka huo kati ya koo mbili hata bila Mshtarii. Hoja yao si ya kupuuzwa, kwani mwaka 2014 darubini ya ALMA iliyoko Chile ilipiga picha ya pete za namna hiyo kuizunguka nyota changa ya HL Tauri. Hata hivyo, mwaka 2018 ilionekana sayari kubwa ikiwa bado inakua ndani ya mwanya wa sahani ya nyota PDS 70, na kwangu ushahidi huo kwamba sayari na mwanya huenda pamoja unawapa nguvu zaidi wanaoitetea Mshtarii.

Mjadala huu unatuhusu kuliko inavyodhaniwa. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka kimondo huko Ivuna, kusini magharibi mwa Tanzania, kikaokotwa kiasi cha gramu 705 tu. Kinatokana na ukoo wa nje, ule uliozuiwa. Kina maji yaliyofungamana na madini yake, na kemia yake inakaribiana mno na ya Jua, ukiondoa gesi nyepesi. Wanasayansi duniani kote hulitumia jina la Ivuna kuitambulisha aina nzima ya vimondo, na sampuli ambazo Japani ilizileta mwaka 2020 kutoka Ryugu, asteroidi (mwamba mdogo unaolizunguka Jua), zimefananishwa na aina hiyo.

Kimondo cha Mbozi, chenye tani zipatazo 16, wanafunzi wengi wanakifahamu. Naomba waandishi wa vitabu vya jiografia na sayansi wakiweke cha Ivuna kando yake, katika sura ileile inayoieleza Mshtarii.

Msomaji wenu,
Mbeya