Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wakaazi, Julai 2024 hadi Juni 2025

Wazee wetu, akina mama, vijana na wanachama wote,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka uliomalizika tarehe 30 Juni 2025. Usafi wa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi uliendelea, misiba sita ilihudumiwa, cheti cha usajili kilihuishwa, na taa za njia ya sokoni zilirekebishwa baada ya kuandika barua mbili. Hayo mnayajua na wengi wenu mliyashiriki, kwa hivyo sitayarefusha.

Ninalowajibika kulieleza kwa kirefu ni uamuzi wa mwezi wa Februari, ambao umezungumzwa zaidi vibarazani kuliko mikutanoni. Mkutano wetu wa Agosti ulipitisha maombi manne ya kupelekwa kwenye bajeti ya kaunti, nayo ni madarasa mawili ya shule ya msingi, kituo cha polisi, ukumbi wa jamii na mtaro wa kuondoa maji ya mvua. Kwa kaunti nilipeleka ombi la mtaro peke yake, na nikatumia Sh18,000 za chama kumlipa mkadiriaji wa ujenzi, ilhali katiba yetu inataka matumizi yanayozidi Sh10,000 yaidhinishwe na mkutano mkuu. Hilo ndilo lalamiko, na nimelitaja kama linavyosemwa.

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limegawa kazi baina ya serikali ya kitaifa na kaunti. Shule za msingi na polisi ni kazi ya serikali ya kitaifa. Chekechea, zahanati, taa za barabarani, masoko na mitaro ya maji ya mvua ni kazi ya kaunti. Ombi la madarasa likipelekwa kwa kaunti huandikwa, hupigiwa makofi, kisha huachwa, na sisi tumelipeleka hivyo miaka mitatu mfululizo. Safari hii barua ya madarasa niliielekeza kwa kamati ya hazina ya eneobunge (NG-CDF), yaani fedha za serikali ya kitaifa zinazogawiwa kila eneobunge, nikiihimiza ifanye haraka, kwa sababu Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka Katiba na ikaiwekea ukomo wa tarehe 30 Juni 2026. Ombi la kituo cha polisi lilipelekwa kwa chifu. Ama ukumbi, kiwanja tulichoahidiwa hakijahamishwa jina, na fedha za umma haziwezi kujenga juu ya ardhi ya mtu binafsi, hata awe mwenzetu mwenye nia njema.

Kuhusu fedha, naomba mtazame kalenda kabla ya kunihukumu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufike Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwenye kuzungumza mwezi wa Juni huwa anazungumzia fedha zilizokwisha kugawanywa. Tangazo la kikao cha kukusanya maoni ya wananchi lilitufikia siku ya Alhamisi, na kikao kilikuwa Jumanne. Mkutano mkuu wetu huitishwa kwa notisi ya siku 14. Hata hivyo niliita mkutano wa dharura Jumapili, wakaja watu 19, wakati akidi ni 48. Ningefanyaje? Nilishauriana na katibu na mweka hazina, wakakubali kwa maandishi, na barua zao zimo kwenye faili kwa yeyote anayetaka kuziona.

Mkadiriaji alipima mtaro, akaonyesha urefu, mteremko, maji yanakoelekea na gharama yake. Wengine katika kikao kile walisimama wakaomba barabara na maji kwa maneno matupu. Sisi tuliweka mezani karatasi iliyopigwa muhuri. Naamini hiyo ndiyo sababu awamu ya kwanza ya mtaro imeonekana kwenye makadirio ya mwaka wa 2025/2026. Mimi mwenyewe nilifuatilia jambo hili kwa safari nne, kwa nauli yangu.

Imesemwa pia kwamba nilichagua mtaro kwa kuwa unapita nyuma ya nyumba yangu. Ni kweli unapita hapo, na nililisema jambo hilo katika mkutano wa Agosti kabla ya kura. Lakini mvua za masika za 2024 ziliingia pia katika chekechea na kisima tunachotumia sote, na nyumba saba zilizo chini yangu ndizo zilizoumia zaidi. Siwezi kuomba radhi kwa kuishi mahali ninapoishi.

Linaloniuma ni mahudhurio. Tumeandikishwa wanachama 142. Katika kikao kile cha kaunti tulikuwa 11, na saba kati yetu walikuwa wanawake waliofunga vibanda vyao sokoni ili waje. Ada ya Sh200 kwa mwezi ilipaswa kutuletea Sh340,800 kwa mwaka, tumekusanya Sh118,400. Baki ya awali ilikuwa Sh9,750. Tumetumia Sh84,100, yaani Sh31,000 za rambirambi, Sh22,600 za usafiri na uchapishaji, Sh12,500 za viti na mahema, na Sh18,000 za mkadiriaji. Tumebaki na Sh44,050. Baadhi ya waliolalamika kwa sauti kubwa kuhusu hizo Sh18,000 hawajalipa ada tangu mwaka juzi, na majina sitayataja hapa kwa kuheshimiana.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kufuatilia fedha za mtaro zitolewe, kulimaliza suala la kiwanja, na kuwavutia vijana zaidi kujiunga. Mkutano mkuu ukiona uamuzi wa Februari ulikuwa kosa, napendekeza upige kura, nami nitazirejesha Sh18,000 kwa awamu. Orodha ya wadaiwa wa ada anayo mweka hazina, na malipo yatapokelewa leo kabla ya kura.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti