Alama ya ugonjwa kwenye mumia si sababu ya kifo

Mhariri,

Kila yanapotangazwa matokeo ya uchunguzi wa mumia (maiti zilizokaushwa zisioze) wa Misri, magazeti huandika kwamba farao fulani aliuawa na ugonjwa fulani. Naomba mtenganishe ugonjwa aliokuwa nao marehemu na kilichomuua. La kwanza hugundulika mara nyingi. La pili ni nadra sana.

Chukueni kichocho. Mwaka 1910 daktari Marc Armand Ruffer alitangaza kuona mayai ya minyoo wake, yaliyokwisha kugeuka chokaa, ndani ya figo za mumia mbili za Nasaba ya 20, yaani ukoo wa 20 wa mafarao. Bahati nzuri watayarishaji wa maiti walitoa ini, mapafu, tumbo na utumbo, lakini figo mara nyingi waliziacha. Nyama kavu ya miaka 3,000 hupukutika ukiikata, kwa hiyo Ruffer aliiloweka kwanza: maji sehemu 50, alkoholi 30, na 20 za mmumunyo wa sodiamu kaboneti wa asilimia 5. Sodiamu kaboneti huilainisha, alkoholi huizuia isisambaratike. Ndipo hukatwa vipande vyembamba, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Yai likionekana, maambukizi hayana ubishi. Lakini wangapi wanaishi na kichocho miaka mingi?

Tatizo kubwa zaidi ni kazi ya watayarishaji wenyewe. Magadi waliyokaushia maiti huacha chumvi kwenye diski za uti wa mgongo, nazo kwenye eksirei hung'aa kama zenye maradhi. Vipande vya mfupa vilivyoonekana ndani ya fuvu la farao Tutankhamun mwaka 1968 vilizua hadithi ya kupigwa kichwani. Kipimo cha CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka) cha mwaka 2005 kilionyesha vimelegea, havikunaswa na utomvu uliomiminwa humo. Angevunjwa mfupa akiwa hai, utomvu ungevigandisha.

Mwaka 2010 vinasaba vya vimelea vya malaria vilitangazwa kupatikana kwenye mumia ya Tutankhamun huyo. Hata hapo, joto la makaburi huharibu vinasaba, na mikono ya wachimbaji huongeza vyao. Mwandishi wenu na aulize: sampuli imetoka kiungo gani, maabara ya pili ilirudia kipimo, na dalili hiyo ilikuwapo kabla ya kifo au imeletwa na magadi, kisu na utomvu?

Msomaji wenu