Sinema za mateja zinakatwa mapema mno

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Majengo. Nimesoma ile makala yenu ya kuwasifu vijana wa hapa Mombasa wanaotengeneza sinema fupi za YouTube kuhusu unga, yaani heroini, na mateja wanaoutumia, na mimi sina ubaya nao, wengine nawajua na hata kamera najua wanaazima, ila kuna jambo linanikera na sioni mtu akilisema. Stori zote zinapita njia moja. Kijana mzuri wa chuoni, marafiki wabaya, kete ya kwanza, kile kipaketi cha unga, maskani, anaiba simu ya mamake, anauza sufuria, halafu ama afe ama apelekwe rihabu. Akipelekwa rihabu tunaonyeshwa kitanda, jasho, makelele, muziki wa huzuni dakika mbili, mara paap! keshanyolewa, keshavaa kanzu nyeupe, yuko mlangoni kwao na mamake analia kwa furaha. Majina yanapanda, kwisha.

Sasa pale mlangoni ndo mimi napataka, manake hatari kubwa inaanzia hapo na wao ndo wanazima kamera. Mwili uliokaa miezi bila unga haubebi tena kile kipimo ulichozoea. Mtu akitoka rihabu, au akitoka Shimo la Tewa baada ya kifungo, akarudi baze, pale kijiweni wanapotumia, siku moja tu kwa mawazo ama kwa kualikwa, akachukua kiasi kile kile cha zamani, pumzi inakatika. Nimeenda mazishi ya namna hiyo hapa mtaani, na maneno unayoyasikia chini ya turubali ni yale yale, "lakini si alikuwa ameshapona?" Wazee wa watu walikuwa washalegea, washaamini, kwa sababu hakuna mahali popote walipoambiwa kwamba ile wiki ya kwanza nyumbani ndo ya kumwangalia kuliko zote. Sinema iliwaambia kinyume, iliwaambia sasa pumueni.

Na tukiwa hapo hapo kwa kuzidisha, hizi za Wazungu pia zimetuharibu. Kuna ile Pulp Fiction ya 1994, yule dada kazidiwa na heroini anadungwa sindano ya adrenalini kifuani, kwenye moyo, anaruka kama kaona jini. Bongo la vijana limebaki na hiyo. Dawa inayomrudisha mtu aliyezidisha unga inaitwa naloksoni, inadungwa kwa msuli tu wa paja au bega, ama inapulizwa puani, na hakuna cha moyo. Huku kwetu mtu akizima watu wanamwagia maji, wengine wanamkimbilia na maziwa, wanampiga makofi, wakati cha kufanya ni kumlaza ubavu asije akapaliwa na matapishi, kuangalia kama anapumua, na kumkimbiza hospitali. Sekunde kumi za skripti zingetosha kuonyesha hilo. Sijaona hata moja.

Halafu arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga. Kwenye sinema arosto ni mashetani, mtu anapanda ukuta. Mdogo wangu nimemlea kwenye arosto chumba kimoja, na nilichokiona ni miayo isiyokwisha, kamasi na machozi kama mtu mwenye homa kali, baridi chini ya blanketi mbili na hii joto ya Mombasa, viungo vinamuuma anarusha miguu, na kuharisha. Kuharisha hasa. Hakuna akta anayetaka kuharisha kwenye YouTube, naelewa, lakini basi msituambie ndo uhalisia. Na ile poda nyeupe juu ya meza ya kioo inavutwa kwa noti iliyokunjwa, jamani hiyo meza ya kioo mateja wa Bondeni wanaitoa wapi? Watu hapa wanachanganya kwa sigara au bangi, wengine wanadunga, tena kwa kujificha na kwa haraka, mara nyingine bomba moja la sindano watu wawili, na ukimwi na homa ya ini vinapita hapo.

Kitu ambacho hakimo kabisa kwenye hizo stori ni methadoni, dawa ya hospitali anayopewa teja badala ya unga. Kenya ilianza kuitoa mwisho wa 2014 pale Mathari, Nairobi, mwaka uliofuata ikafika Malindi, na siku hizi Kisauni ipo. Mdogo wangu yuko kwenye hiyo. Kila siku asubuhi, Jumapili na Idi zikiwemo, anapanda matatu anavuka daraja la Nyali, anapanga foleni, anapewa dawa ya maji kwenye kikombe anaimeza mbele ya nesi, anaongeshwa maneno mawili matatu wahakikishe haijabaki mdomoni, anarudi kutafuta kibarua. Haimleweshi. Inamzuia arosto siku nzima mpaka kesho yake, basi, na huenda akainywa miaka. Majirani wanasema kabadilisha ulevi tu. Shangazi yetu mmoja, Mungu amsamehe, alimwambia kama umepona kwa nini waenda hospitali kila siku. Atajuaje? Kupona anakokujua yeye ni kwa kanzu nyeupe na muziki.

Wasichana nao wakiwekwa ni wa kujiuza tu, au mama wa kulia. Sijui kwa nini.

Kidogo vitabu afadhali. Kwenye Chozi la Heri, ile riwaya ya Assumpta Matei watoto wetu waliyosoma kwa mtihani wa kidato cha nne, Dick anaibwa akiwa mtoto anauzwa kwa tajiri anayemtumia kusafirisha dawa za kulevya. Pale unaona kuna mtu mzima anakula faida. Kwenye sinema zetu bosi wa unga ni kijana wa kofia amekaa pembeni ya duka la miraa! Unga unatoka Afghanistan, unashushwa pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, unapakiwa majahazini kuja huku Afrika Mashariki, hiyo ni pesa ya mtu wa kofia kweli? Baktash Akasha amehukumiwa New York mwaka 2019 miaka 25 kwa biashara ya dawa za kulevya, nduguye Ibrahim akafuata 2020 na miaka 23, watu wa Mombasa hii hii, na bado skripti zetu zinamlaumu rafiki mbaya wa darasa la nane.

Mimi si mtu wa filamu, naomba tu hizo stori zianze pale zinapoishia. Kijana karudi. Chumba ni kile kile, kazi hana, maskani iko hatua thelathini, simu inalia ni beshte wa zamani, nauli ya Kisauni leo haipo na mamake hataki kumshikisha pesa mkononi kwa sababu anakumbuka zile sufuria. Hapo kuna sinema ya saa nzima bila hata kuonyesha kete. Dairekta akikosa mtu wa kumwelezea, mdogo wangu amesema yuko tayari kukaa naye, ila iwe baada ya saa nne, asubuhi ana foleni.

Msomaji wenu,
Majengo, Mombasa